Mwaridi Niliomkatia Mama

Daktari alinivuta koridoni akaniambia mama ana miezi saba, labda minane. Nilipiga hesabu palepale. Baridi ilikuwa inaanza, na mwaridi wake huchanua baridi ikishaisha. Mama alikuwa ameomba kitu kimoja tu: aunuse mara moja zaidi. Nikasema hilo tutaliweza.

Ni mwaridi wa kizamani, kichaka kizima chini ya dirisha la chumba chake, matawi yamelala ovyo, miiba kama sindano za magunia. Huchanua wiki tatu kwa mwaka, kisha basi. Lakini wiki hizo tatu hata mashuka kabatini hunukia.

Mimi ni mkaguzi wa afya. Nina stashahada, na kwa miaka kumi na tisa nimeingia majikoni mwa watu kuwaambia hapa pachafu. Nilichukua likizo nikahamia kwa mama. Nilitupa dawa zilizoisha muda, nikapaka choo chokaa, nikasogeza kitanda dirishani. Siku ya nne nikatoka na mkasi wa bustani.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ndiye aliyeishi na mama miaka yote. Alikuwa kibarazani anakunywa chai.

"Dada, huo hauguswi."

"Nani kasema?"

"Mama. Kila mwaka anasema."

"Na wewe kila mwaka unafurahi kupata sababu ya kukaa. Ofisini kwetu mtunza bustani anaikata miwaridi mpaka magotini, na maua hayakauki mwaka mzima."

"Hiyo ya ofisini ni aina nyingine, Bi Mkaguzi."

"Basi niandikie ripoti."

Alicheka puani, akamwaga machicha ya chai, akaingia ndani. Hakunizuia. Nina kinyongo naye mpaka leo kwa hilo, ingawa najua ningemsukuma nikapita.

Nilijaza toroli tatu. Mama alipoamka alikunja uso.

"Mbona kweupe hivi?"

"Nimekusafishia mwaridi, mama. Mwaka huu utayaona maua."

"Umekata matawi ya zamani?"

"Yote yaliyochoka."

Akageukia ukutani. Nilidhani ni usingizi.

Baridi iliisha. Mwaridi ukatoa machipukizi manene na majani yanayong'aa, lakini bila tumba hata moja. Kila asubuhi mama aliuliza, "Bado?" nami nikamjibu, "Bado kidogo." Baada ya wiki mbili nilichukua tawi nikampelekea muuza miche sokoni. Aligeuza jani moja tu.

"Huu ni wa kizamani, mama. Unachanua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ulikata lini?"

Nikamwambia.

"Basi usijali. Subiri mwakani, utachanua mpaka ushangae."

Alisema huku anatabasamu, kama mtu anayetoa habari njema.

Nilipita duka la maua nikanunua mawaridi dazeni, mekundu, marefu, yamenyooka kama penseli. Mama alichukua moja kwa mkono uliobaki mifupa, akalileta puani, akakaa nalo.

"Linanukia?" nikauliza.

"Linanukia friji." Akaliweka juu ya shuka. "Mwambie mdogo wako mwakani asiukate."

"Mama, niliukata mimi."

"Najua. Yeye huwa anasikia akiambiwa."

Alifariki mwezi uliofuata. Hatukulizungumza tena jambo hilo, na sikumwomba msamaha. Nilikuwa nashughulikia mirija na shuka, nikajiambia nitapata nafasi.

Juzi mdogo wangu alinipigia simu.

"Dada, njoo uangalie kazi yako."

Sikujua kama ananisema au ananikaribisha. Nilikwenda. Harufu ilinipokea getini. Kichaka kilikuwa kimefika dirishani, maua yamebanana mpaka majani hayaonekani, kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Mle chumbani kitanda kilishatolewa, sakafuni zimebaki alama nne za miguu yake pale nilipokisogezea. Nilifunga dirisha, nikashusha komeo, nikavuta pazia. Harufu ikaingia kwa chini ya mlango.