Mvule wa Kituo cha Nne

Jumanne saa tatu asubuhi, wanafunzi thelathini na wawili wa darasa la tano walipanga mstari mbele ya mvule wa kituo cha nne. Mwongozaji wa ziara katika bustani ya miti alikuwa amewagawia vile vifaa vya daktari vya kusikilizia moyo, ili wasikie maji yakipanda ndani ya shina. Wa kwanza, msichana mwenye pengo, alisikiliza kidogo kisha akageuka.

"Mwalimu, kuna babu anakohoa humu."

"Anasema nini?"

"Anaitwa Mzee Miche. Anasema mti huu kaupanda yeye, na tusimkanyagie mzizi wa kushoto."

Mwongozaji aliinama akasikiliza. Ilikuwa sauti ya baba yake mzazi, aliyetunza miche hapo miaka thelathini na kufariki miaka sita iliyopita. Akawahamisha watoto upande wa kulia, ziara ikaendelea.

Shida ilikuwa kibao. Kibao cha shaba pale shinani kilisema mvule ulipandwa na Mkurugenzi. Mwaka ulioandikwa, Mkurugenzi alikuwa bado anafungwa vifungo vya shati na mama yake, lakini nani amfunge paka kengele?

Kufikia saa sita habari zilishafika ofisini. Mwongozaji alimshuku mlinzi wa getini, maana siku hiyo alimsalimia mara mbili, na mlinzi yule salamu moja tu huitoa kwa shida. Mkurugenzi naye alimshuku mwongozaji.

"Binti yangu," alimwambia, kwa ile sauti laini inayotangulia barua, "redio umeificha wapi?"

"Sina redio, mzee."

"Mkataba wako unaisha mwezi huu. Na wanao bado wanasoma, au siyo?"

"Bado wanasoma, mzee."

Fundi umeme alifukua mizizini kutwa nzima asipate hata uzi. Aliripoti kwamba mti ni mzima, na mzee aliyemo husikika vizuri zaidi upande wa mashariki. Mkurugenzi akaenda mwenyewe, katibu wake kando. "Wewe ulikuja na kibao," mvule ulimwambia, "wakati mti ulishapita paa." Mkurugenzi alishukuru, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Tangu hapo mwongozaji hakumwamini mtu. Katibu alimletea chai, akaimwaga. Dada yake alipouliza habari za kazini, alimjibu, "Kakutuma nani?" Aliogopa kufukuzwa, ndiyo, ila kilichomchoma zaidi ni kibao. Alitaka jina la baba yake liandikwe pale, basi.

Barua ilikuja Ijumaa. Mkataba umeongezwa miaka miwili. Shule zote zinataka kumsikiliza mzee, kwa hiyo kituo cha nne kimepewa dakika ishirini zaidi. Loo! Aliisoma mara tatu, jasho likimtoka. Mkubwa akikupa haraka hivyo, chungulia nyuma ya mlango.

Nyuma ya mlango palikuwa na karatasi mpya za maswali za wageni, pamoja na karatasi ya majibu yenye mhuri. Swali la saba: Mvule ulipandwa na nani? Jibu lilikuwa Mkurugenzi. Kibao nacho kilikuwa kimesuguliwa kikang'aa, kikaongezwa misumari.

Shule ya kwanza ilipoondoka, mwongozaji aliketi kwenye benchi chini ya mvule kusahihisha. Katibu akaja kuketi naye, ati anapunga upepo. Watoto walikuwa wamesikiliza vizuri. Karibu wote waliandika Mzee Miche, kwa herufi kubwa, mmoja akapigia na mstari. Kalamu nyekundu iliweka mkasi wa kosa, ikaweka mwingine.

Shinani pakakohoa.

"Wamefanyaje watoto, mwanangu?"

"Vizuri, baba. Wengi wamekosa moja tu."

"Lipi hilo?"

Katibu aliacha kupunga upepo.

"La saba," alisema mwongozaji, akachukua karatasi nyingine.