Kibodi ya Kituruki Dirishani kwa Tuncay

Kwa miezi minne nilikuwa nimeulizia kibodi ya Kituruki ya mpangilio wa zamani katika kila duka la kompyuta kuukuu hapa Duisburg, Ujerumani, nje ya mtaa wangu, na kila mahali jibu lilikuwa lile lile: hatuna, na hatujui unasema kitu gani. Halafu Jumanne moja ya Novemba, saa nne asubuhi, nikipita duka la kompyuta la Tuncay kama ninavyopita kila siku kwenda kwenye chama chetu cha Waturuki, nikaiona dirishani. Kompyuta mpakato nyeusi, imefunguliwa, kibodi yake imeelekezwa barabarani ili mpita njia aisome. Juu yake kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: HERUFI ZA KITURUKI, ZA ZAMANI, ZA KWELI.

Sikufurahi. Nilisimama pale kwenye manyunyu nikajiuliza ni nani aliyeiweka.

Sisi Waturuki tuna mpangilio wetu wa herufi, uliotengenezwa kwa ajili ya lugha yetu. Irabu zote nane zinakaa mkono wa kushoto, konsonanti nyingi mkono wa kulia, na maneno yanatoka kwa mikono kupokezana kama watu wawili wanaovuta msumeno mmoja. Niliusoma Çorum, mji wa kwetu Uturuki, mwaka 1969, darasa la jioni la kupiga taipu, baada ya kutwa nzima ya kubeba magunia ya unga kwa mwoka mikate. Mwalimu alitufunika mikono kwa kitambaa ili tusiangalie. Nilitoka na cheti, na cheti hicho kiko ukutani kwangu mpaka leo. Siku hizi hata huko kwetu vijana wanatumia kibodi ya kigeni. Mpwa wangu alipoulizia yetu Ankara, muuzaji alimwuliza kama huyo mjomba bado yu hai.

Basi kitu ambacho Ankara hakipo, kimefikaje Hochfeld, mtaani kwangu, kwenye njia yangu?

Nitasema hapa jambo ambalo siku ile sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Mwezi wa pili damu iliganda kidogo kichwani mwangu. Nililala hospitali siku nne, nikawaambia watu ni kifua. Mkono wa kushoto ulirudi: unashika glasi, unafunga kamba za viatu. Lakini herufi umezisahau. Kidole kinakwenda, kinasita, kinagonga jirani. Na kwa lugha yetu, mkono wa kushoto ukisita hakuna neno linalotoka zima.

Mwanzoni nilijiokoa kwa kuangalia. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa na herufi zetu juu ya vitufe, kwa hiyo niliinamisha kichwa kama mtu anayefikiri, nikatafuta herufi kwa macho. Mwezi wa saba ikafa. Binti yangu akaniletea ya Kijerumani.

"Baba, ndani nimeshaigeuza Kituruki," aliniambia. "Yaliyoandikwa juu ya vitufe usiyajali. Wewe si huwa huangalii?"

"Ndiyo," nikasema. "Siangalii."

Ungeweza kusema, nunua vibandiko vya herufi. Vibandiko ni vya mtoto wa darasa la kwanza. Mimi ni katibu wa chama chetu mwaka wa ishirini na sita. Barua za nusu ya wanaume waliofanya kazi kiwanda cha chuma, za ubalozini, za mahakamani, za kuposa, zimepita kwenye vidole hivi. Mkutano wetu ukiendelea mimi nachapa, na kabla watu hawajavaa makoti kumbukumbu zimeshatoka kwenye printa na kutiwa saini. Tangu mwezi wa saba nilikuwa naandika kwa kalamu na kusema kompyuta iko kwa fundi. Na Jumapili iliyokuwa inakuja kulikuwa na uchaguzi. Nafiz, makamu mwenyekiti, alitaka kiti changu apewe mkwe wake, kijana ambaye angerekodi mikutano kwa simu. Nafiz alihitaji sababu moja tu.

Nikaingia dukani.

"Karibu, ami Mümtaz!" Tuncay alisema, mdomo umejaa mkate wa ufuta. "Leo umeingia? Kila siku unatupita kama mkaguzi."

"Hiyo ya dirishani imetoka wapi?"

"Ipi?"

"Tuncay, dirishani iko moja."

"Aaa, ile. Ile ni ya Ankara. Kuna bwana mmoja alikuwa anafanya kazi ofisini, amehama, akaniachia."

"Bwana gani? Ofisi gani?"

"Ami, unanunua laptopu au unamposa binti yake?"

Alicheka, lakini hakuniangalia. Nikamwambia ailete mezani. Akaileta upesi mno, kama mtu aliyekuwa ameambiwa kwamba nitaitaka. Vitufe vilikuwa safi, herufi zetu zote zipo. Nikavuta kiti, nikaweka mikono kama nilivyofundishwa, nikafumba macho.

Kila kibodi duniani ina vinundu viwili vidogo vya kuwaongoza vidole vya shahada. Kwetu vinakuwa juu ya A na K, katikati, na ukivigusa unajua uko nyumbani. Nikagusa A. Laini kama sahani. Nikagusa K. Laini. Kidole changu kidogo cha kushoto kikapanda juu kidogo, kikakuta kinundu kwenye F. Kikashuka chini, kikakuta cha pili kwenye J. Vinundu vyote viwili pembeni kabisa, chini ya kidole kimoja, kwenye F na J, herufi ambazo kibodi ya Kijerumani huwekewa vinundu.

Nikafumbua macho, nikainama. Kitufe kimoja kilikuwa kimekaa upande. Mkia wa Ş ulikuwa umechorwa kwa mkono, kwa rangi nyeupe, kwa uangalifu mkubwa.

"Hii haijawahi kuiona Ankara," nikasema. "Hii ni ya Kijerumani. Imeng'olewa meno yote yakapangwa upya."

Tuncay akaacha kutafuna. "Inaandika vizuri lakini, ami. Jaribu."

"Nani alikuambia uitengeneze?"

"Mimi nauza tu."

"Unauza bei gani?"

"Kwako wewe, sabini."

"Na kwa mwingine?"

"Hakuna mwingine anayeitaka, ami."

Nikasukuma kiti nyuma. Anayejua kuchapa kwa vidole kumi hahitaji herufi juu ya vitufe, na asiyejua hana haja na mpangilio wetu. Mtu wa kuihitaji kibodi ile ni mmoja tu: aliyekuwa anajua, akasahau. Aliyeiagiza alinijua. Nilitoka bila kuaga.

Njiani nilimkagua kila mtu. Binti yangu? Angeniambia usoni, hana subira ya kuficha. Daktari? Hajui hata ninachapa. Nikabaki na Nafiz. Nikauona mpango wake wote kama ramani. Mimi naitamani, nainunua, naibeba Jumapili. Naye anasimama mbele ya watu, anaichukua, anasema, tazameni, katibu wetu anachorewa herufi kwa rangi. Nikaongeza mwendo.

Chamani walikuwa watu tisa au kumi. Nafiz alikuwa anacheza vibao vya namba, mchezo wetu wa mezani, mgongo wake ukiwa umegeukia jiko la chai. Dursun, mtengeneza chai wetu, alikuwa anapita na sinia.

"Katibu amefika," alisema Nafiz. "Vipi, kompyuta imetoka kwa fundi, au fundi naye amestaafu?"

Watu wakacheka. Siku nyingine ningejibu kwa utulivu. Siku ile nilibaki nimesimama na koti langu.

"Nimeiona dirishani," nikasema.

"Umeona nini?"

"Usijifanye. Umemlipa Tuncay ang'oe vitufe, apake rangi, anitegee. Ulifikiri sitajua? Vinundu viko pembeni, Nafiz! Mtu asiyejua kuchapa ndiye anayefanya kosa kama lile!"

Nafiz akaweka kibao chake mezani. Uso wake ulikuwa wa mshangao, na mshangao ule haukuwa wa kuigiza. Hilo nililiona mara moja, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

"Subiri, subiri," alisema. "Mtu ametengeneza laptopu yenye herufi zetu. Sawa. Kwa nini huo uwe mtego kwako? Wewe si unachapa umefumba macho? Ndivyo unavyotuambia kila Idi." Akanitazama polepole, kutoka usoni mpaka mikononi. "Au siku hizi unaangalia, Mümtaz?"

Nikaiingiza mikono mifukoni mwa koti.  Nikaelewa kwamba siri niliyoifunga miezi tisa nimeifungua mwenyewe, kwa sauti ya juu, mbele ya mtu niliyekuwa namficha.

"Ni mimi," ikasema sauti nyuma yangu.

Alikuwa Dursun, sinia bado mkononi.

"Wewe ni nini?" Nafiz aliuliza.

"Ya Tuncay. Mimi nilimwambia. Nafiz hahusiki."

Dursun na mimi tuliingia kiwandani mwaka mmoja. Amesoma madarasa matatu. Kila mwaka, tangu tukiwa vijana, nimekuwa nikimwambia nenda shule ya jioni, Dursun, na kila mwaka anasema mwakani. Barua zake zote nimemwandikia mimi.

Nikamshika kiwiko, nikampeleka jikoni, nikafunga mlango.

"Nani alikuambia?"

"Kaka, mimi nakuwekea chai kwa nyuma miaka yote. Zamani nikiweka glasi ulikuwa unageuka, unasema ahsante Dursun, mikono inaendelea kama ya mtu mwingine. Tangu mwezi wa pili hugeuki. Unaangalia chini. Mara mbili umeimwaga."

"Kwa hiyo ukaenda kunitangaza kwa Tuncay."

"Tuncay nilimwambia ni yangu. Nataka kujifunza kuandika."

"Akaamini?"

"Alicheka sana. Halafu akauliza kwa nini iwe na herufi za kizee. Nikanyamaza. Akaelewa." Alifuta meza ambayo ilikuwa kavu. "Ile yako iliyokufa, unayosema iko kwa fundi, si umeificha kabatini hapa? Niliibeba, nikawa namsomea herufi moja moja, huyu hapa, huyu pale. Alasiri tatu tumeng'oa. Mkia wa Ş nimechora mimi. Vinundu gani ulikuwa unasema?"

"Acha vinundu. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Sasa na yeye alipandisha sauti. "Mwaka juzi nilikuambia pumzika kaka, umechoka. Ukanisahihisha nilivyotamka. Ningekuja na kibodi mkononi ungeniuliza nimesomea wapi. Nikasema aikute mwenyewe, dirishani, kama bahati yake."

 Bado nilimpeleleza usoni. Nilitaka kujua anapata nini.

"Na wewe una faida gani?"

"Ninayo," alisema bila aibu. "Rufaa yangu ya pensheni ni mwezi wa kwanza. Mkwe wa Nafiz ataniambia ingia kwenye tovuti. Tovuti mimi naijua? Nakujua wewe."

Jibu hilo ndilo lililonituliza. Kama angesema ni mapenzi tu nisingemwamini.

Nilichukua kompyuta kwa Tuncay kesho yake. Nililipa sabini, na nikamwambia kwamba mtu wa Ankara anamsalimia. Siku nne nilikaa nayo nyumbani. A na K niliziwekea tone moja moja la gundi, likakauka, likawa kinundu. Lakini kidole cha kushoto kiligusa gundi na bado hakikujua la kufanya. Ilibidi niangalie. Kila herufi, kila mara.

Jumapili walikuja watu thelathini na mmoja. Niliiweka kompyuta juu ya meza kuu, kifuniko wazi, nikasimama kabla mwenyekiti hajafungua kikao.

"Nilipata kiharusi mwezi wa pili," nikasema. "Nilidanganya kwamba ni kifua. Nachapa kwa kuangalia herufi, na nachapa polepole. Anayetaka katibu mwenye kasi ampigie kura mwingine."

Nilikaa. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu zaidi, yenye cheti cha Çorum ndani yake. Haikutoka.

Kura zilihesabiwa mbele yetu. Mkwe wa Nafiz kumi na nne, mimi kumi na saba. Dursun aliinua ngumi mlangoni pa jikoni, na wawili watatu walimpigia makofi yeye badala yangu. Mpaka leo sijui kura tatu zile za ushindi zilikuwa zangu au zake. Niliwatazama mmoja mmoja nikitafuta nani alinionea huruma, na kila niliyemtazama alitazama pembeni, jambo ambalo halikunisaidia.

Kisha Nafiz akaomba nafasi. Alikuwa na hoja ya paa la ukumbi, na aliisema kwa kasi, tarehe juu ya tarehe, majina ya mafundi yakifuatana, huku jicho lake likiwa kwenye mikono yangu. Nilikuwa bado naitafuta irabu ya pili ya jina lake. Nikaona mkwe wake ametoa simu na kuiweka mezani, taa yake nyekundu inawaka.

Nikaacha kuchapa. Sikuinua kichwa, maana ningepoteza mahali nilipokuwa.

"Nafiz," nikasema, "anza tena. Polepole. Naangalia."

 Nilisikia viti vikilia, nikasikia mtu nyuma akisema, "Sema basi, bwana, mzee anakusubiri."

Akaanza tena. Paa, akasema. Akangoja. Nikaandika paa.