Neno la Bi Mkubwa

Mchapaji aliweka karatasi mezani, akakohoa. "Dada, hapa nimekwama. 'Nisikie siku ya mke mwenza wangu'?"

Mfasiri alicheka. Neno la Kiebrania lilikuwa tsara, na kwenye zaburi aliyokuwa akiitafsiri alikuwa ameandika 'dhiki'. Asili yake ni mahali pembamba, panapombana mtu. "Umechapa unasinzia, mdogo wangu."

"Nimechapa ulichoandika." Akamfunulia daftari. Kweli, 'mke mwenza', kwa wino wa mfasiri mwenyewe. Mara tatu, kurasa tatu.

Mfasiri akaenda chumba cha pili kwa mzee aliyekuwa akiwafundisha Kiebrania. Mzee akavua miwani. "Hili si kosa la ovyo. Tsara ni dhiki, lakini pia ni mke mwenza. Neno ni lile lile." Akamtazama. "Nani kakwambia? Hilo sijawafundisha bado."

Pale ofisini hakuna aliyejua kuwa mfasiri ni mke wa pili. Alirudi mezani akaichunguza herufi m ya 'mke mwenza' daftarini: mkia umejikunja chini kama ndoano. Yeye haandiki hivyo. Aliyeandika hivyo ni bi mkubwa, kwenye vikaratasi, ulimi wake ulipopooza. Maji. Mlango. Mnanibana.

Na kweli walimbana. Mfasiri alitaka pa kusomea, mume akakigawa chumba cha mgonjwa kwa mbao, kitanda kikabaki kinagusa kuta pande zote mbili. Bi mkubwa akafia humo humo. Mwaka wa tatu sasa.

Mchana ule ule mfasiri akarudi nyumbani. "Baba watoto, tuvunje ule ukuta."

"Kuna nini?"

"Tuvunje tu."

Walivunja wote wawili, jasho likiwatiririka. Ubao wa mwisho ulipoanguka, ubaridi ulipita katikati yao ukielekea mlangoni. Mume akasogea kando, kama mtu anayempisha mwenziwe.

"Umemwona?" mfasiri alinong'ona.

"Nani?" Lakini hakuinua macho.

Tangu siku ile mkono wa mfasiri haukuandika tena asichokikusudia. Kwa mara ya kwanza alimsimulia mchapaji habari za bi mkubwa, akalia mpaka kwikwi zikamshika. Zaburi ilitoka na 'dhiki' yake. Ila chumba kile, pamoja na upana wake wote, mume hadi leo hupita humo kiubavu.