Ndege Iliyoyashinda Maharage

"Niko ndani ya ndege, mama Precious, ndiyo tunaondoka Dar," Ambakisye alisema kwenye simu. Kalista, mkewe, akainjika maharage.

Kwa baridi hii ya Sumbawanga maharage huchelewa kuiva. Yalikuwa bado magumu mume alipobisha hodi.

Kalista hakuwa wa kudanganywa kitoto. Kutoka Dar, ndege hutua Songwe baada ya saa moja na ushee, na kutoka Songwe hadi hapa gari linakula nusu siku.

"Ndege za siku hizi zinakimbia balaa!" mume alijitetea kabla hajaulizwa.

Kalista akampokea begi, akainama kumvua viatu. Vilijaa matope mabichi, yamegandamana na pumba za mpunga wa bonde la jirani.

"Pole na safari, baba Precious," alisema taratibu. "Huko bondeni Mtowisa hawajambo?"