Kinu Kinakunywa Mate

Katika kiwanda cha sukari alichokiongoza Injinia Baltazar Iriondo hakuna mashine iliyowahi kuharibika. Mashine zilikuwa zinasimama tu, kwa sababu watu wanakunywa mate. Si mate haya ya kinywani. Ni yale majani machungu ya kwao Tucumán, yanayomwagiwa maji ya moto ndani ya kibuyu na kufyonzwa kwa mrija wa chuma, kibuyu kimoja watu wote. Ingawa ukimuuliza Eduvina Sotelo, mate ya kinywani ndiyo yaliyofaa zaidi pale, tena ya kutemwa.

Mambo yaliharibiwa na nyama. Meneja Iriondo, aliyependa kusifiwa kuliko alivyopenda sukari, alitangaza kwamba kila mwezi utakaopita bila hitilafu hata moja, wafanyakazi watachinjiwa ng'ombe na kufanyiwa asado, nyama ya kuchoma ya kukata na shoka. Yaani aliwaahidi nyama watu wale wale ambao kazi yao ni kumwambia nini kimeharibika. Mtoto wa darasa la pili angeuona mwisho wake. Tangu wiki ile, mkanda ukikatika, mate. Giaboksi ikichemka, mate. Kinu kikimeza jiwe pamoja na miwa na kukwama hadi mafundi watoke jasho la mgongo, msimamizi wa zamu alibonyeza kwenye kompyuta sababu ya kusimama: mate. Taarifa zikaenda kwa wenye kiwanda huko Buenos Aires, nao wakamsifu meneja kwa hekima yake.

Eduvina aliajiriwa kutabiri mashine ipi itaharibika na lini. Alisomea takwimu, tena kwa miaka ya kutosha kumfanya asiwe na subira na wajinga. Alipofika akakuta kiwanda kizima hakina hitilafu ya kuhesabu. Mwingine angefunga virago. Yeye akahesabu mate.

Kinu cha pili, kwa mfano, mwanzoni mwa msimu kilikunywa mate mara chache. Kisha kila wiki. Kisha kila siku, na saa ambazo hata maji ya moto hakuna. Kiu ya namna hiyo si kiu, ni ugonjwa. Eduvina akaongeza joto la mafuta na mtetemo wa giaboksi, akalinganisha na vinu vya aina ile vilivyokufa katika viwanda vingine, akapanda ngazi kwenda kwa meneja.

“Bosi, kinu cha pili kisimamishwe. Beringi ya giaboksi imekwisha. Nafasi ni saba kati ya kumi kwamba haitafika sikukuu ya uhuru, tisa Julai.”

“Itavunjika au haitavunjika?”

“Nimesema saba kati ya kumi.”

“Kwa hiyo hujui.”

“Ninachojua ndicho hicho, saba kati ya kumi. Na chini yake kuna watu.”

Iriondo akaegemea kiti. “Marehemu mama yangu alikuwa anatabiri mvua kwa goti. Inanyesha, hainyeshi, basi. Hakupata kuniambia saba kati ya kumi.”

“Basi ungeliajiri goti.”

Hakucheka. “Sikiliza, binti. Tarehe tisa ikifika kinu kizima, nitafikiria kama tunakuhitaji hapa. Nimeajiri mtabiri, sijaajiri mtu wa kunisimamishia kiwanda.”

Eduvina akashuka ngazi akimdharau kuanzia nywele za kupaka rangi hadi soksi. Alikuwa na mama wa kulisha na kazi ya takwimu haiokotwi njiani, lakini kilichomkera ni kingine. Yule mtu alikuwa na macho mawili mazima, na aliyafumba kwa hiari yake.

Akaenda kwa Nicanor Brizuela, msimamizi wa zamu. Nicanor alikuwa mwongo mchangamfu, mwenye tumbo lililojaa asado za miezi yote.

“Nicanor, mate yenu ya kinu cha pili yamezidi.”

“Dada, mate ni afya.”

“Afya ya nani? Beringi ikipasuka, mhimili unaruka. Unataka mhimili umpige nani kwanza? Chagua, maana wote unawajua kwa majina.”

Nicanor akaacha kutabasamu. Ilipokuja mvua, mikokoteni ya miwa ikanasa kwenye tope na vinu vikakosa cha kukamua. Siku hiyo yeye na watu wake walifungua giaboksi, wakatoa beringi. Pete yake ya nje, pana kama sinia, ilikuwa na ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Wakaweka mpya. Eduvina akasimama kando ya kompyuta.

“Sasa andika ukweli. Andika beringi.”

“Nikiandika beringi, nyama hakuna. Watu wangu watanila mimi, Dada, na mimi nina mafuta mengi.”

Akabonyeza mate. Mate ya kutwa nzima! Eduvina aliwatazama mmoja mmoja, mikono imelowa grisi, nyuso zimeridhika, akaona aibu kwa niaba yao, kwa kuwa wenyewe hawakuwa nayo.

Tarehe tisa Julai vinu vyote vilizimwa kwa ajili ya sikukuu, viwashwe tena jioni. Uani moto uliwaka, mbavu za ng'ombe zikatandazwa juu ya wavu mkubwa, na meneja akasimama na bilauri ya divai.

“Ndugu zangu! Mtaalamu wetu alituambia kinu cha pili hakitaiona siku ya leo. Haya, nendeni mkakitazame! Kizima kama jogoo!”

Watu wakacheka. Walicheka wale wale waliobeba beringi mbovu mabegani mwao, na aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Nicanor.

“Na sasa anataka nisiwashe kinu cha nne,” Iriondo akaendelea. “Eti safari hii ni tisa kati ya kumi. Bei imepanda!”

Wakacheka tena. Eduvina akaweka sahani chini. Hapo ndipo alipouona ule wavu vizuri. Pembe tatu zilikalia matofali. Pembe ya nne ilikalia pete ya chuma, pana kama sinia, na ufa wake ulikuwa mwekundu kwa makaa.

Akasogea hadi motoni. “Bosi, njoo uone nyama yako imekalia nini.”

“Imekalia moto, binti.”

“Njoo.”

Iriondo akaja, bilauri mkononi, akainama. Mtu aliyesomea mitambo hawezi kukosa kuijua pete ile. Aliitazama, akautazama ufa, akanyanyuka polepole.

“Sogezeni makaa upande huu,” akasema. “Ubavu wa huku haujaiva.”

Makaa yakasogezwa, pete ikafunikwa. Eduvina akawageukia wale wengine.

“Jioni kinu cha nne kikiwashwa, nani atakuwa chini yake?”

Walioacha kutafuna walijulikana. Ilikuwa zamu ya Nicanor.

“Kitawashwa kwa saa yake,” Iriondo akasema. “Na sitaki kusikia neno hitilafu.”

Nicanor akafuta kisu chake kwa kipande cha mkate, akala mkate, akasimama.

“Hitilafu haipo kabisa, bosi. Ila watu wangu wana kiu.”

“Divai hiyo hapo.”

“Kiu ya mate.”

Meneja akatazama makaa, akamtazama Eduvina, kisha akaitazama sahani yake. “Mate,” akasema, “ni haki ya kila mtu.”

Wakaondoka kuelekea vinuni, wengine wakiwa na spana, mmoja na nyundo, wawili wakipitia stoo kuchukua beringi mpya. Aliyebeba birika hakuwepo. Walipofungua giaboksi ya kinu cha nne, beringi haikutoka nzima. Ilitoka vipande, wakavizoa kwa ndoo.

Mwisho wa mwezi kiwanda hakikuwa na hitilafu hata moja. Iriondo alimwita Eduvina ofisini na kumwambia kwa upole wa mtu aliyeshinda: “Umetabiri mara mbili, binti, na mara zote mbili hakuna kilichotokea. Nitawaambia nini wenye kiwanda?”

Kituoni, akiwa amekwisha achishwa kazi na akisubiri basi la mjini San Miguel, Eduvina akamwona Nicanor anakuja mbio na tumbo lake, na furushi la karatasi lenye mafuta.

“Ubavu wako, Dada. Bila wewe mwezi huu tusingeipata nyama.” Akahema. “Bila wewe nisingekuwepo hata mimi.”

“Ulimwambia hivyo meneja?”

Nicanor akashangaa kweli kweli. “Nimwambie, halafu tule nini?”

Eduvina akatema mate, haya ya kinywani, karibu sana na kiatu cha Nicanor. Kisha basi likaja, na ile nyama akaichukua, kwa maana ilikuwa nyama yake.