Kiti cha Bibi Harusi

Dobi alikuwa na kila kitu cha kuolewa isipokuwa ruhusa. Mume alikuwepo, mwoka mikate mfupi, mpole, anayenukia hamira hata siku ya mapumziko. Gauni lilikuwepo, kalipiga pasi mwenyewe kule hotelini anakofanya kazi, katikati ya mashuka ya watu. Kilichokosekana ni karatasi moja kutoka kwao, ya kusema hana mume.

"Hilo dogo," alimwambia mama wa dirishani kwenye ofisi ya ndoa. "Ningekuwa na mume ningekuja kupanga foleni hapa?"

Mama wa dirishani hakucheka. Watu wa madirishani kicheko hukiacha nyumbani pamoja na kandambili. Alitaka karatasi yenye mhuri.

Na mhuri ulikuwa na sharti lake: mzazi aende kwa karani wa mtaa, aape kwamba binti yake hajaolewa, kisha tangazo libandikwe mlangoni, mwenye pingamizi aseme.

Dobi akampigia mama yake. Mama akasema goti linamsumbua. Goti likapona, mvua ikaanza. Mvua ikakatika, karani akapata msiba. Mama aliyekuwa akizunguka mji mzima kutafuta nyanya za bei nafuu, leo mtaa wa pili haufikiki! Kila simu ilipokatika dobi alibaki anawaza: mama hamtaki huyu mtu wangu. Hilo lilimchoma kuliko pasi, maana miaka yote ya ugenini aliishi kwa sauti ile ile. Akichoka, aliisikia ikimwambia simama wima, huna kibyongo. Akipika, aliisikia ikilalamikia chumvi.

Mwisho akauliza bila kupindapinda.

"Mama, mkwe humtaki?"

Mama akakohoa kile kikohozi chake cha kuvutia muda.

"Si kwamba simtaki, mwanangu. Tatizo wewe umeshaolewa."

"Na nani?"

"Jina sikumpa. Nilisema tu ni mrefu."

Ikabidi aeleze. Majirani walimtafuna sana: binti yako huko aliko atarudi na mkongojo. Uvumilivu ukamshinda, akatangaza kwamba ameolewa huko huko. Akapika, akaita mtaa mzima. Kiti cha bibi harusi kikawekwa katikati, kitupu, kikafunikwa kitambaa cheupe, kikapigiwa vigelegele. Karani wa mtaa alikula sahani mbili.

"Tatu," mama akajisahihisha. "Sasa nikaape nini mbele yake?"

Dobi alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaacha kucheka, maana alikiona kile kiti akilini.

"Ulikaa nacho karibu?"

"Mpaka wageni wakaisha. Nilikiwekea na sahani."

"Nenda ukawaambie, mama."

"Watanicheka mpaka nife."

"Utakufa una mkwe."

Kesho yake mama akapiga simu akiwa njiani. "Usikate," akasema, akaitumbukiza kifuani. Dobi akaweka pasi chini, akasikiliza kupitia nguo ya mama yake na mapigo ya moyo wake. Akasikia mlango, benchi, na wanawake wa mtaani, kwa kuwa umbea haukawii kunusa njia ya ofisini.

"Niliwadanganya," sauti ya mama ikasema. "Mtoto hajaolewa. Nilikuwa na hamu naye. Nikaona nikifanya sherehe, watu watalitaja jina lake mchana kutwa, na mimi nitakaa niwasikilize."

Hakuna aliyecheka. Kisha karani akauliza taratibu, "Na kile chakula, bi mkubwa?"

"Chakula kilikuwa cha kweli. Gonga mhuri."

Tangazo likabandikwa. Pingamizi halikuja, na karatasi ikafika.

Siku ya ndoa, mwoka mikate alisimama kwa ncha za vidole wakati wa picha, mama mkwe asije akaonekana mwongo mara ya pili. Pembeni ya bibi harusi palikuwa na kiti kimefunikwa shuka jeupe, lililonyooshwa hata inzi angeteleza. Mama wa dirishani alitaka kukikalia, akazuiwa.

Simu ikaita.

"Umeniweka wapi?" mama akauliza.

"Karibu yangu, mama. Upande wa kulia."

Kikaja kile kikohozi.

"Na sahani?"

Dobi akamtazama mumewe. Mwoka mikate akakata kipande cha mkate wake, akakiweka kwenye sahani mbele ya kiti.

"Ipo, mama. Kula."