Mapigo Mawili

Milango ya gari la Saif ilikuwa imechomelewa isifunguke. Mtu aliingilia dirishani, mguu mmoja kwanza, kama mwizi, na kutoka alitokea hapohapo. Khamis ndiye aliyeichomelea kwa mkono wake mwaka 1991, katika karakana yake ya Minto, ughaibuni, na siku ile Saif, mdogo wake, alimtania kwamba amemjengea jeneza lenye usukani. Walicheka wote wawili mpaka wakashika mbavu. Sasa ilikuwa Februari ya mwaka 1997. Khamis alisimama mbele ya gari hilo ameshika pembe ya turubai, na kicheko kile hakikumjia hata kwa mbali.

Saif alikuwa na wiki tatu kaburini. Lori la jeshi lilipinduka mazoezini huko Queensland, mvua ikinyesha, naye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Askari wenzake walimbeba hadi makaburini, glavu nyeupe mikononi, na walipofika ukingoni hawakujua wampishe nani wala wasimame wapi, kwa kuwa ndugu zake walikwisha kushuka kaburini kumpokea. Mpiga tarumbeta alingoja dua iishe. Alipopuliza, Khamis alitazama chini akahesabu mawe.

Barua ya chama cha mbio ilikuja siku kumi baadaye. Uwanja ule wa udongo ulikuwa na desturi yake: dereva akifa, gari lake hutangulia mbele ya magari yote kabla ya mbio za kwanza, likazunguka mara moja polepole, na aliye nyuma yake huligusa kidogo kwa bampa yake. Hiyo ndiyo buriani ya watu wanaogongana kila Jumamosi. Waliomba gari la Saif, nambari thelathini na moja, na waliomba liendeshwe na mtu wa kwao.

Gari sasa lilikuwa la mjane, Safaa, lakini Safaa alikuwa ndani ya eda, hatoki nyumbani kwake Macquarie Fields. Alimpelekea Khamis ujumbe kwa simu kwamba yeye ndiye aliyelijenga, basi lolote atakaloamua ameliridhia. Khamis hakumwambia kuwa alikwisha kuamua. Alikuwa amempigia mnunuzi wa vyuma chakavu, na mtu huyo angekuja Ijumaa asubuhi na winchi yake. Mbio zilikuwa Jumamosi.

Hakuna aliyejua sababu, na yeye hakuwa na nia ya kuisema. Ulimi hauna mfupa, walisema wazee wao wa Tanga, na wa Khamis ulikwisha kufanya kazi yake.

Kwa miaka mitatu Saif alikuwa na maisha mawili yasiyogombana. Jumatatu mpaka Ijumaa alikuwa askari, dereva wa malori kambini Holsworthy, kiatu kinang'aa, salamu kwa wakati. Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Katika mbio zile kumgonga mwenzio si kosa, ni ufundi. Ukimgonga vizuri kwa nyuma anayumba, wewe unapita. Saif alijua kugonga na alijua kugongwa. Alipopigwa aliongeza moto. Msimu wa tatu alikuwa wa pili kwa pointi, na Khamis, aliyeshinda usiku na mchana chini ya gari lile, alianza kutenga nafasi ya kikombe kwenye rafu ya ofisini.

Kisha, Agosti 1994, jeshi likampeleka Rwanda na kikosi cha matibabu. Alikaa miezi sita akiendesha gari la wagonjwa. Aliporudi alikuwa amekonda, mpole, anasali sana, na hakusimulia. Khamis hakuuliza. Alimtengenezea gari, akaliweka tayari.

Ndipo aibu ilipoanza. Saif aliondoka vizuri, akakata kona kama zamani, lakini akigongwa nyuma alishika breki. Si mara zote. Mara nyingine alivumilia. Lakini madereva ni watu wa kuchunguzana, na Mzungu mmoja wa gari nambari kumi na saba ndiye aliyeigundua siri: mgonge mara mbili haraka haraka, utamwona anasimama. Kabla ya mwezi kwisha uwanja mzima ulikuwa ukiijua. Walimgonga mara mbili, akasimama katikati ya njia, magari yakampanda, watu wakacheka majukwaani. Jumamosi ya tano Khamis alimngojea kwenye eneo la mafundi, mbele za watu, na Saif alipotoa kichwa dirishani akamwambia, "Umekuwa dereva wa bibi harusi. Bado maua tu."

Saif alimtazama. Alivua kofia yake ya chuma, akaiweka juu ya bodi ya gari, akasema, "Sawa, kaka." Hakurudi uwanjani tena. Mkataba wake wa jeshi ulikuwa unakwisha mwezi uleule, naye alikuwa amesema ataacha, afungue karakana na kaka yake. Badala yake alitia saini miaka mingine minne.

Hilo ndilo neno lililosimama kati ya Khamis na turubai. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini chuma kinaweza kuyeyushwa, na kilichoyeyushwa hakimtazami mtu.

Alhamisi jioni Rufus Ogutu alikuja karakanani. Khamis alimjua kwa sura tu. Alimwona mazishini, Mluo mrefu mwenye sare, muuguzi wa jeshi, aliyelia bila kujifuta. Alikuwa amesikia kwa Safaa habari za Jumamosi, akaja kuuliza kama anaweza kusaidia kulivuta gari. Khamis alimjibu kuwa gari haliendi popote ila kwenye vyuma chakavu. Rufus hakubisha. Alilizunguka gari, akainama nyuma, akapitisha kiganja kwenye bampa iliyobonyea.

"Hapa ndipo walikuwa wakimgonga?"

"Walimgonga kila mahali. Hapo ndipo alipokuwa akisimama."

Rufus aliketi juu ya tairi kuukuu. Kisha akasimulia. Kule Rwanda yeye alikaa nyuma na majeruhi, Saif mbele, na kati yao ukuta wa bati. Redio ya ndani iliharibika wiki ya kwanza, haikupata kutengenezwa. Barabara zilikuwa mashimo matupu, na wagonjwa wengine walikuwa wamekatwa vibaya. Kila shimo lilikuwa kisu kingine. Wakapatana. Rufus akigonga bati mara moja, twende. Akigonga mara mbili, simama, kuna mtu anatutoka.

"Siku moja niligonga mara mbili, yeye akamalizia mita chache ili atoke kwenye matope," Rufus alisema. "Mita chache tu, Kaka Khamis. Alikuwa mama mmoja anajua Kiswahili, tulipompakia alikuwa akimwambia Saif polepole baba, polepole. Hakumngoja, alikata roho kabla gari halijasimama. Tangu siku hiyo nikigonga mara mbili, lile gari lilisimama hata kabla mkono wangu haujarudi."

Khamis alikuwa ameshika spana. Aliitazama kana kwamba hajui ni ya kazi gani.

"Mbona hakuniambia?"

"Ulimuuliza?"

Rufus hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama muuguzi anavyouliza panauma wapi.

Asubuhi ya Ijumaa Khamis alimrudisha mwenye winchi mikono mitupu, akaendesha hadi Macquarie Fields. Safaa alizungumza naye akiwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, kama eda ilivyotaka. Khamis alimweleza habari ya bati na mapigo yake. Sauti ikatoka upande wa pili wa pazia, imechoka, haina lawama.

"Hata hapa nyumbani, shemeji. Mwanetu Umi akigonga ukuta kwa mpira wake mara mbili, baba yake alisimama popote alipo, kikombe mkononi. Mimi nilidhani wewe unajua. Mlikuwa pamoja kila siku."

Aliomba kitu kimoja tu: gari lisioshwe. Udongo uliokuwa juu yake ni wa siku ya mwisho aliyoliendesha.

Jumamosi saa kumi na moja jua lilikuwa bado kali. Khamis aliingilia dirishani, mguu mmoja kwanza. Alikuwa amelijenga gari lile, alijua kila pau na kila nati, lakini hakuwahi kukaa mle injini ikinguruma. Kiti kilikuwa na umbo la mtu mwembamba kuliko yeye. Gari lilitengenezwa likate kona upande mmoja tu. Kulipeleka moja kwa moja ilibidi kuushikilia usukani kama mtu anayemzuia mwenzake asiondoke. Nyuma yake yalipangwa magari ishirini na sita. La kwanza lilikuwa nambari kumi na saba.

Kipaza sauti kilitaja jina la Saif na cheo chake, kikalitamka vibaya. Watu wakasimama, kofia vifuani. Rufus alikuwa kwenye ua wa waya, mikono ubavuni, wima.

Khamis alikwenda polepole. Kona ya kwanza, kona ya pili. Udongo mkavu ulipukutika kutoka kwenye bodi, ukamwingia machoni kupitia wavu wa mbele. Kwenye njia iliyonyooka ya upande wa nyuma alisikia injini ya nambari kumi na saba ikisogea, kisha bampa ikamgusa, laini, kama mtu anayemshika mwingine begani.

Halafu ikagusa tena.

Mguu wake ulikuwa tayari umekanyaga breki. Gari lilisimama katikati ya njia. Nyuma yake nambari kumi na saba ikasimama, na iliyofuata, na iliyofuata, mpaka msururu wote ukatulia. Mtu mmoja alizima injini, wengine wakamfuata, na vumbi likaanza kushuka juu ya magari yote, nambari zikififia moja baada ya nyingine.

Msimamizi alipunga bendera apite. Khamis aliiona. Alikaa mikono yote miwili kwenye usukani, kisogo kimeegemea chuma, amelitega sikio nyuma, akingoja pigo moja.